Sungura Walioshikwa kwa Mikono

Mwaka ule sungura wa porini walizidi Mahongole mpaka ikawa aibu. Zamani ukimwona sungura mmoja njiani unawahi nyumbani kusimulia. Sasa walikuwa wanakaa katikati ya njia, wanamtazama mwenye baiskeli kana kwamba yeye ndiye aliyewavamia. Maharage walikula, kabichi walikula, na kiangazi kilipokausha kila kitu wakahamia kwenye magome ya miche ya parachichi. Hapo ndipo Kristina alipoanza kukosa usingizi.

Na tuseme ukweli, watu walijitakia wenyewe. Miaka miwili nyuma mbweha walikuwa wanaiba kuku. Wanaume wakatoka na mbwa na mikuki, wiki tatu mfululizo, wakawamaliza mbweha wote, wakarudi wanaimba. Bibi Oktavia, mkongwe kuliko wote kitongojini, meno yameisha lakini ulimi upo, aliwaambia palepale: "Mmemaliza mbweha? Hongereni. Sasa jiandaeni kumlisha sungura." Wakacheka wakashika mbavu. Jamani, nani alishawahi kumwogopa sungura?

Kristina alikuwa mjane wa Benno. Benno aliotesha miche mia na ishirini ya parachichi kwenye viriba, kwa mkono wake mwenyewe, akaimwagilia, akaiongelesha kama watoto, halafu homa ikamchukua kabla hajapanda hata mmoja. Kristina aliipanda yote peke yake. Sasa kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alikuwa anakwenda shambani kuihesabu. Mche uliotafunwa gome kuzunguka shina lote haufufuki. Unasimama siku chache na majani yake, unakudanganya, kisha unanyauka. Tisini na nane. Themanini na tatu. Sabini na moja. Kila alipokuta mwingine umekufa alisema kwa sauti, "Benno, nisamehe," na mpita njia akisikia, shauri yake.

Alijaribu kila alichoambiwa. Alipaka mashina mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na majivu, sungura wakatafuna juu ya pale yalipoishia. Alitundika mashati ya marehemu kwenye miti ili yapepee yawatishe. Asubuhi alikuta sungura wawili wamejikunyata chini ya shati la harusi, wanajikinga upepo. Siku hiyo alikaa chini akalia kwa hasira.

Sumu ilikuwa imekatazwa. Kwenye mkutano wa kitongoji mwenyekiti, mzee Ebeneza, alisimama akasema, "Sumu mashambani hapana. Tuna nyuki, tuna mbwa, tuna watoto. Wanaokubali wanyooshe mikono." Kristina alinyoosha, tena juu kabisa. Siku nne baadaye alikwenda mnadani Makambako, akanunua kwa mchuuzi asiyemjua kipakiti chekundu cha sumu ya panya, chenye maandishi madogo kama chawa. Alhamisi jioni akaichanganya na punje za mahindi zilizolowekwa, akazitawanya kati ya miche.

Ijumaa alihesabu mara mbili. Sabini na moja jana, sabini na moja leo! Alipiga kigelegele kidogo, cha chini kwa chini, peke yake kama mwehu. Akaokota mizoga miwili akaifukia. Ndipo furaha ikaanza kumtoka. Punje zote zimeliwa, nyayo na mavi vimejaa kila mahali, halafu mizoga ni miwili tu? Wengine wamekwenda kufia wapi? Alizunguka shamba mpaka mfereji wa mpakani, hakuona kitu, akajiambia kwamba wamekimbilia mbali, huko mabondeni. Kipakiti kilichobaki alikifunga kwenye pindo la kitenge chake, maana aliogopa kukiacha nyumbani na aliogopa kuonekana anakifukia.

Jumamosi ilikuwa siku ya mgowe kwa Lukas, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji. Mgowe ni kazi ya kuzungushana: leo wote tunalima kwako, wiki ijayo kwangu, na mwenye shamba ndiye anayelisha watu. Wiki ijayo ilikuwa zamu ya Kristina. Na kuna desturi ambayo haivunjwi: mnyama yeyote atakayetoka kwenye nyasi siku ya mgowe ni wa chungu cha wote, lakini maini ni ya mkongwe. Hayo hupelekwa kwanza, yangali ya moto, kabla mtu mwingine hajalamba hata kidole.

Kristina alichelewa kwa sababu ya kuhesabu miche yake. Alipovuka mfereji alisikia vicheko. Kundi zima la watu lilikuwa limeshafyeka nusu ya shamba, na chini ya mti Eveline, mke wa Lukas, alikuwa anachochea moto chini ya chungu kikubwa.

"Kamwene, Mama Nelly!" Lukas alimsalimu Kristina huku anajifuta jasho. "Umekosa sinema, wewe! Sungura leo tumewaokota. Wamelala kwenye nyasi wamelegea, tunawashika kwa mikono. Saba! Polisi hakukimbia hata hatua moja." Polisi alikuwa mbwa wake, na Lukas alikuwa anampenda kuliko watu wengi.

Kristina alikitazama chungu. Alikaa juu ya kisiki.

"Wamelegea vipi?" aliuliza.

"Wamenona! Shibe hiyo. Wametula mwaka mzima, leo Mungu ametulipa."

Watu wakacheka, na harufu ya vitunguu ikaanza kupanda. Kristina alishika jembe, akapiga mapigo matatu, akaacha. Sema, alijiambia. Fungua mdomo useme. Lakini alimwona mzee Ebeneza amesimama pale na kofia yake, akaukumbuka mkono wake mwenyewe ulivyonyooka mkutanoni. Watu arobaini hawa! Watamwitaje? Na Jumamosi ijayo nani atakanyaga shamba lake? Akaona heri ajaribu njia ya kando.

"Mama," alimwambia Eveline, "hawa sungura huenda wana ugonjwa. Mnyama mzima hashikwi kwa mkono. Tuwatupe."

"Tutupe nyama?" Eveline alimtazama kana kwamba amesema tutupe watoto. "Kristina, una nini leo? Nenda kalime, dada. Nyama inakaribia."

Kristina hakwenda kulima. Alikuwa anamtazama Polisi. Mbwa yule alikuwa amelishwa matumbo ya sungura wote saba, na sasa alikuwa anatembea upande upande, anadondosha ute, miguu ya nyuma inatetemeka. Alijaribu kukaa, akaanguka. Lukas akapiga mluzi kumwita. Mbwa hakuinua kichwa.

"Jua limempiga," mtu mmoja alisema.

Eveline alikuwa ameshashika upawa na sahani ya kwanza. Kristina aliruka. Alikiwahi chungu akakipiga teke kwa nguvu zake zote, kikabingirika, mchuzi ukamwagika kwenye majivu ukichemka, nyama ikasambaa kwenye vumbi. Mchuzi ulimuunguza mguu na hakusikia maumivu.

Lo! Kelele zilizoinuka hapo usiulize. "Ameingiliwa na nini huyu?" "Ni ujane!" "Ni wivu, shamba lake limeliwa la mwenzake limepona!" Kristina alisimama anahema, na kwa nukta moja alidhani yamekwisha, watu wamepona na siri yake imebaki ndani. Kisha akaona wanawake wameinama. Nyama haitupwi Mahongole. Walikuwa wanaokota vipande kimoja kimoja, wanavikung'uta mchanga, na mmoja ameshasogeza ndoo ya maji avioshe.

"Acheni!" Kristina alipiga ukelele. "Msile! Wana sumu! Niliweka mimi!"

Mikono yote ikasimama. Kipande kimoja kilianguka ndani ya ndoo, chubwi.

"Mimi," alirudia, na sasa machozi yalikuwa yanatoka bila kizuizi. "Alhamisi jioni. Mahindi yenye sumu, kwenye miche ya Benno. Nilidhani wamekwenda mbali. Nisameheni, sikujua wamekuja kufia kwako, Lukas."

Lukas alikuwa amepiga magoti kando ya mbwa wake, mkono juu ya ubavu usiopanda tena. Mzee Ebeneza alivua kofia. Hapo Eveline alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu. Maini," alisema. "Nimeshampelekea Bibi Oktavia. Nimemwacha anakula."

Kristina alikuwa ameshaanza kukimbia. Mama wa miaka hamsini na nne, mguu umeungua, ndala moja imebaki kwenye mfereji, alikimbia huku anaita, "Bibi, usile! Bibi, tema!" tangu mbali ambako hata mwenye masikio mazima asingesikia. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo walivyosema wazee, na kipakiti kile kilikuwa kinamgonga pajani kila hatua.

Bibi Oktavia alikuwa ameegemea ukuta mlangoni kwake, sahani tupu mapajani. Ute ulikuwa unamtoka mdomoni, na jasho limemjaa usoni siku ya baridi. "Matamu," alisema taratibu, "ila ulimi wangu umekufa ganzi." Kisha akaanza kutapika.

Walimpeleka hospitali ya Ilembula kwa gari la mwalimu Davis, kwa sababu binti wa bibi, Noela, alikuwa nesi huko na kitongoji kizima kilimwamini. Kristina alikaa nyuma, kichwa cha bibi mapajani pake. Njia nzima aliomba maombi yaleyale: nichukue mimi, Baba, miche ichukue yote sabini na moja, huyu mwache.

Noela aliwapokea mlangoni. Alipomwona mgonjwa ni mama yake, midomo ilimtetemeka mara moja tu, kisha akawa nesi. "Kala nini?"

"Sumu ya panya."

"Ipi? Ziko za aina nyingi na dawa zake si moja. Nani aliyeinunua?"

Vidole vya Kristina vilikataa kufungua fundo la kitenge. Ilibidi alifungue kwa meno. Alimpa Noela kipakiti chekundu. Noela alikisogeza kwenye taa, akasoma yale maandishi ya chawa mpaka mwisho, akaondoka mbio nacho bila kumtazama usoni.

Siku ya kwanza hakuna aliyejua kama bibi atapona. Siku ya pili vilevile. Kristina alilala kwenye benchi la nje, hakuna aliyemletea chai na hakuitaka. Siku ya tatu, asubuhi, bibi alifumbua macho akalalamika kwamba uji wa hospitali ni maji. Noela akatoka nje, akasimama mbele ya benchi.

"Kile kipakiti ndicho kilichomwokoa," alisema. "Na hichohicho ndicho kilichomleta. Sijui nikushukuru au nikupige."

"Nipige," Kristina alimjibu. Noela alikaa kando yake, wakalia wote wawili.

Jumamosi ikafika, zamu ya Kristina. Alikuwa ameamka saa tisa usiku akapika maharage, ugali, na togwa ndoo mbili, ingawa moyo ulimwambia anapika bure. Kulipokucha alisimama ukingoni mwa shamba na kitambaa kichwani, anatazama njia. Nani atakuja? Lukas, aliyemzika mbwa wake?

Walikuja. Wote, mmoja baada ya mwingine, mapanga na mianzi mabegani, hata Lukas. "Mgowe haukatwi," mzee Ebeneza alisema kwa ufupi, na kazi ikaanza. Walizungushia miche ya Benno uzio wa mianzi, wakaubana chini mpaka panya asingepita. Lukas alikuwa anapigilia nguzo kwa nguvu zilizozidi haja. Kristina alitaka kumshukuru kila mtu akashindwa. Walikuwa wamekuja! Alikimbilia kwenye moto akafunua vyungu, akapanga sahani, akashika upawa.

"Karibuni chakula, jamani."

Watu waliweka zana chini, wakakaa kwenye nyasi, na kila mmoja akafungua kitambaa chake. Walikuja na viazi vya kuchemsha, na mahindi ya kuchoma, na chupa za maji kutoka nyumbani. Hakuna aliyemtukana wala aliyemnunia. Eveline alisema kwa upole mkubwa, "Tumekuja nacho, Mama Nelly. Usijisumbue." Heri angempiga kofi. Kristina alibaki amesimama na upawa mkononi, mvuke wa maharage unampanda usoni.

Bodaboda ilisimama njiani. Bibi Oktavia alikuwa amekaa upande nyuma ya dereva, amejifunika mablanketi mawili, fimbo mkononi kama askari. Alishushwa, akajikongoja mpaka kwenye moto, akawatazama watu na vitambaa vyao, akatazama vyungu. Akaelewa.

"Nipe togwa," alisema.

"Bibi," Eveline alinyanyuka, "tumbo lako bado..."

"Tumbo langu nalijua. Mkono wa Kristina nimeshauonja, umeshindwa kuniua. Leta."

Kristina alijaza kikombe, nusu ikamwagika njiani. Bibi alikunywa. Watu wote waliacha kutafuna, wakawa wanaitazama shingo ile nyembamba ikipanda na kushuka mpaka kikombe kikaisha. Bibi akajifuta mdomo.

"Haijachacha vizuri," alisema. "Ongeza."

Kristina akaongeza. Wengine waliinamisha macho, wakaendelea kumenya viazi vyao, na ndoo ya pili ikabaki imejaa mpaka jioni.