Kondo Lisilo Zima

Apolline alilitandaza juu ya sinia kondo la nyuma la Feza, aliyekuwa amejifungua punde, akaufuata ukingo wake kwa vidole viwili, polepole, kama bibi yake alivyomfundisha kule Lusangi. Kwao kondo ni ndugu wa mtoto. Halizikwi kabla ya kukaguliwa pande zote, maana sehemu yake ikibaki tumboni humwita mama aifuate. Wanafunzi wenzake wa ukunga hapa Kabambare walitupa jicho mara moja tu wakaandika “zima”. Yeye hakuweza.

Karibu na ukingo palikuwa na pengo, upana wa kidole gumba.

“Munganga,” alimwambia daktari Mbelgiji, “ndugu ya mutoto haiko muzima. Kipande kimebakia mu tumbo. Kitamuita Feza.”

Daktari alicheka. Hata kuinama atazame hakuinama.

“Ndugu! Myaka mbili unasoma hapa, na kichwa yako ingali mu pori. Andika: muzima.”

“Munganga, uangalie kwanza hapa...”

“Andika, ao urudie kwenu kulima pamba.”

Aliandika. Mwaka ule wa 1951 asiye na cheti alikuwa mali ya msimamizi wa pamba na fimbo yake, na Apolline aliijua fimbo hiyo. Aliuchukia mkono wake ulioshika kalamu. Akakaa kando ya Feza, akimkanda tumbo, akibadilisha vitambaa. Damu haikukatika. Alimwita daktari mara mbili; mara ya pili alifukuzwa kama kuku. Adhuhuri Feza akakata roho, mtoto wake hajapewa jina.

Ndipo bwana mkubwa alipoinama! Alikitoa kipande, akakitia katika chupa ya dawa, akawakusanya wanafunzi. Aliwaeleza vizuri sana: pengo, ukingo, damu. Yote aliyoyasema Apolline, ila ndugu hakutajwa. Kisha akafungua kitabu cha zamu, akawaonyesha ni mkono wa nani ulioandika “zima”. Akamvua Apolline aproni mbele ya wote.

Mama yake Feza alikuwa amesimama mlangoni, mjukuu mikononi.

“Munganga, mutupatie mwili. Na kile kipande. Tutazika vyote pamoja.”

“Mwili, muchukue. Kipande iko ya masomo.”

Akaibandika chupa namba, akaipandisha kabatini. Mama akamgeukia Apolline.

“Binti, wewe uko wa kwetu,” alisema. “Haukuona?”

Daktari alikuwa angali amesimama pale, kitabu kwapani, akimtazama Apolline.