Rovu la Dalali

Rovu la mume wangu lina picha nyingi kuliko harusi yetu. Lilipigwa picha likiwa bado limevimba shingoni, kwa mbele, kwa ubavuni, mwenyewe akiwa ameinua kidevu kama anayenyolewa. Likapigwa tena likiwa limeshatolewa, limelazwa kwenye beseni kando ya rula. Harusi yetu ina picha tatu tu, na mojawapo mpigapicha amenikata kichwa.

Sisemi hivi kwa kulionea wivu. Nataka tu mjue lilivyothaminiwa.

Mume wangu ni dalali wa mnada. Anauza makabati, majokofu, vitanda vya watu waliohama, vyerehani vya marehemu. Mtaani wanamwita Redio, kwa sababu alikuwa hazimi. Akishapanda juu ya kreti lake asubuhi, hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alijua kochi limefika bei gani. Na alikuwa na maneno, mtu yule! Kochi lililovunjika mguu aliliita kochi lenye adabu, linainama mbele ya wageni. Watu walicheka, na mtu anayecheka mkono wake hauko mbali na mfuko. Mwisho aligonga nyundo yake ndogo ya mti: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda! Ikishagongwa ya tatu hakuna mjadala, hata ulie.

Rovu lilianza dogo tukalipuuza. Likakua, wateja wakalitania, naye akawajibu kwamba humo ndimo anamohifadhi betri. Likazidi kukua hadi likaanza kumkaba. Hakuweza kulala chali, akawa analala ameketi, na mimi nimekaa macho namsikiliza anavyovuta pumzi. Kwa hiyo simdhulumu daktari. Lile rovu lingemuua, naye ndiye aliyelitoa.

Daktari mwenyewe alikuwa mpasuaji kijana, mpole, mwenye mikono misafi mpaka unaona haya kumpa wako. Siku ya kwanza alilishika rovu kwa mikono miwili, macho yakamng'aa. "Mama, kubwa namna hii sijawahi kuliona." Na mimi, mjinga, nikatabasamu kama nimesifiwa mtoto.

Alipozinduka baada ya upasuaji, Redio alifungua mdomo kuniita, ukatoka upepo.

"Itarudi," daktari akasema. "Ni uvimbe wa ndani tu. Upeni muda." Tukaupa muda. Kila tukirudi kliniki tulipewa muda mwingine, maana hiyo ni dawa isiyoisha stoo. Mwisho wake, siku moja chumba kikiwa hakina mwanafunzi hata mmoja, akafunga mlango na kutueleza taratibu. Nyuzi za sauti ni mbili, zinakutana katikati ya koo. Uzi mmoja umelala, kwa sababu mshipa unaouendesha ulikuwa umegandamana na rovu, na wakati wa kulitoa uligusika. Uligusika! Kama vile umepita sokoni na kikapu ukamgusa mtu bega, ukasema samahani.

"Lakini kuna bingwa wa koo anayeusogeza uzi uliolala ukakutana na mwenzake," akasema. "Sauti inarudi, si yote, lakini ya kutosha kazi. Nitawaandikia barua ya rufaa. Ila kwanza nanyi mnisaidie kidogo."

Msaada wenyewe ulikuwa huu. Alikuwa anaandika makala juu ya lile rovu kwa ajili ya jarida la madaktari, na kabla ya hapo angelieleza kwenye kongamano. Alitaka Redio awepo ukumbini, shati safi, kola wazi, watu waone kovu lilivyopona. Nikajiambia mkono mtupu haulambwi. Tukakubali.

Kufikia hapo hali yetu sokoni ilikuwa aibu. Shemeji, mdogo wake, ndiye aliyepanda kwenye kreti, Redio amesimama pembeni akimwonyesha bei kwa vidole. Shemeji ni mtu mwema lakini Mungu alimnyima chumvi mdomoni. "Kabati," alikuwa akisema. "Zuri. Semeni bei." Watu wakawa wanapita. Tukajaribu kipaza sauti, lakini kipaza sauti hupaza kilichopo, hakizai. Kilitoa mhemo wa mtu aliyepanda ngazi na gunia. Siku hiyo mlevi mmoja akapiga kelele, "Redio imeshika stesheni ya upepo!" na wote wakaangua kicheko, wale wale aliokuwa akiwachekesha yeye. Alirudi nyumbani akaning'iniza nyundo kwenye msumari ukutani, na tangu hapo akitaka kuniita hugonga meza. Nilichukia kuitwa kwa kugongewa meza. Nilichukia zaidi siku alipoacha kugonga.

Ukumbi wa kongamano ulikuwa na baridi ya mashine na viti vilivyovalishwa nguo. Tuliwekwa safu ya tatu. Daktari wetu akapanda jukwaani, taa zikapunguzwa, rovu likatokea ukutani, kubwa kuliko mlango. Watu wakasema "mmh." Akaeleza uzito wake, lilivyokuwa limejipenyeza nyuma ya mfupa wa kifua, alivyolitoa bila kupasua mfupa. Alieleza vizuri, sikatai. Kisha akasema, "Hakukuwa na madhara ya kudumu. Sauti ilikwaruza kwa muda, na sasa imerejea."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ametazama mbele, mikono magotini.

Mwanamke mmoja wa makamo, safu ya mbele, akanyoosha mkono. "Hongera, daktari. Kwa rovu la ukubwa ule mimi huwa na wasiwasi na sauti. Kwa bahati mgonjwa tunaye hapa. Je, mwenyewe anaridhika na sauti yake?"

Ukumbi mzima ukageuka. Daktari naye akamtazama Redio na kutabasamu, na lile tabasamu nililisoma herufi kwa herufi. Lilikuwa linasema: rufaa. Redio maisha yake yote amekula kwa kusoma nyuso za watu, nani atanunua, nani anatania. Alilisoma kabla yangu. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akatoa lile tabasamu lake la mnadani ambalo sikuwa nimeliona tangu alipopasuliwa, akaitikia kwa kichwa na kuinua dole gumba.

Wakapiga makofi.

Nikasimama. "Samahani, jamani, huyu..."

"Mama, maswali ni ya washiriki," akasema mwenyekiti, kwa upole kabisa. "Na muda umetutupa mkono." Ukutani ukaja utumbo wa mtu mwingine.

Wakati wa chai nilimfuata yule mwanamke hadi kwenye birika, Redio nimemshika mkono. Nikamwambia mume wangu aseme. Akasema jina lake na kazi yake, na kabla hajamaliza pumzi ikamwishia katikati. Mwanamke akaweka kikombe chini. Akamwambia akohoe, akamwambia avute "aaa," akaegemeza sikio karibu na koo lake.

"Uzi mmoja umelala," akasema. "Mbona umeitikia kule ndani?"

Ndiye aliyekuwa bingwa wa koo. Sikuamini masikio yangu. Alikuwa mgeni, amealikwa kwa wiki hiyo tu kufanya upasuaji na kufundisha, na keshokutwa alikuwa na nafasi moja imebaki. Nikamwambia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Akacheka.

"Naomba tu barua ya daktari wenu," akasema. "Huyu ni mgonjwa wake. Siwezi kupeleka kisu kwenye shingo aliyoipasua mwenzangu bila yeye kuniandikia ni mshipa upi ulioumia na uliumiaje."

Nilimkuta daktari wetu katikati ya watu wanaompa mikono. Akanitoa hadi kwenye ujia wa nje, penye toroli la vikombe vichafu. Nikamweleza. Uso ukamshuka.

"Mama, dakika kumi zilizopita nimewaambia watu wote wale kwamba sauti imerejea. Nikiandika leo kwamba mshipa umeumia, nitaonekana nani?"

"Utaonekana umekosea. Watu hukosea."

"Na yeye mwenyewe kakubali mbele yao. Hakuna aliyemlazimisha."

"Kakubali kwa ajili ya barua yako!"

"Na barua nitawapa, nimeahidi. Makala ikishatoka."

"Ikitoka itakuwa imesema nini?"

Alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. 

Bingwa wa koo naye alikwenda kuzungumza naye. Niliwaona kwa mbali, wameinamiana, wanatikisa vichwa kwa heshima. Aliporudi hakunitazama usoni vizuri. Alisema mwenzake ana maoni tofauti, kwamba mgonjwa bado anaendelea kupona, na yeye ni mgeni, hawezi kuja kwenye nyumba ya watu akahamisha viti. Ile nafasi ya keshokutwa akapewa mtu mwingine. Husemwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Siku ile fahali walikunywa chai pamoja, na nyasi ziliumia vilevile.

Nilipofika nyumbani nilimfokea mume wangu. Nilimwambia yeye aliyewapatanisha wabishi wa soko zima ameshindwa kutikisa kichwa kushoto na kulia. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanong'ona, akipumzika kila baada ya neno moja au mawili, "Mama watoto... ningekataa... angeandika?" 

Makala ilitoka. Daktari mwenyewe aliituma kwenye simu, kwa furaha, na ujumbe wa kutushukuru. Binti yetu aliyesoma akatukalisha mezani akatusomea, akitutafsiria pole pole. Rovu lilikuwamo lote, na beseni, na rula. Macho ya Redio yalifunikwa kwa mstari mweusi ili asitambulike, kana kwamba kuna mtu mtaani ambaye hakulijua lile rovu. Binti akafika mwisho, akasita.

"Soma," nikamwambia.

"Wanasema, 'Mgonjwa, alipoulizwa mbele ya wataalamu, alithibitisha mwenyewe kwamba ameridhika na sauti yake.'"

Nilimpigia daktari hapo hapo. Nikamwambia makala imetoka, lete barua. Kwanza akakohoa. Akasema mama elewa, kuandika barua hiyo sasa ni sawa na kusema makala yake ni ya uongo, jarida litaifuta, na jina lake nalo. Akasema labda twende hospitali nyingine, tuanze faili upya, tusimtaje. Hospitali nyingine tuliyokwenda baadaye walitazama kovu, wakauliza nani alipasua, wakaisoma makala. Wakasema mbona hapa inaonekana wewe umeridhika.

Lakini hiyo ilikuja baadaye. Siku ile nilikata simu, binti amekaa na simu yake mkononi hajui aizime au aendelee. Redio akainuka. Akaenda ukutani akatungua nyundo, akaifuta vumbi kwa kiganja, akarudi mezani. Akagonga mara ya kwanza. Akagonga mara ya pili, akitutazama kama anayengoja mtu aongeze bei. Hakuna aliyeongeza. Akagonga ya tatu, akafungua mdomo, midomo ikacheza.

"Baba anasema nini?" binti akauliza.

"Anasema imekwenda," nikamwambia.