Panda Gari, Mama

Mwanangu Abdu akitamka "albamu yangu" utadhani ndiye aliyejenga lile bwawa la Jinja. Nyimbo nane tu! Tena mojawapo inanihusu mimi na birika langu. Mtangazaji mmoja wa redio aliwaeleza watu kwamba "Chai Imezidi Maji" ni wimbo wa siasa, eti maji ni ahadi za wakubwa. Nilicheka hadi nikakaa chini. Siasa gani? Asubuhi ile majani yalikuwa yamekwisha, nikaongeza maji, Abdu akanuna, akaenda kuandika wimbo. Basi.

Hivyo ndivyo kijana huyu anavyotunga. Anaokota maneno yangu nyumbani kwetu Kimaka, hapa Jinja. "Funga Mlango Mbu Wanaingia" ni mimi, Khadija. "Usinijibu" ni mimi tena. Nilimwambia kwamba picha ya kwenye kasha ilipaswa kuwa yangu, si ya kwake yeye amevaa miwani ya jua ndani ya chumba.

Lakini wimbo wa mwisho, "Panda Gari", nusura umkoseshe mke.

Mke mwenyewe ni Nafuna, binti wa Haji Gidudu mwenye duka la vitambaa Namakwekwe, kule Mbale. Abdu alimpenda hadi akasahau kula. Mimi pia nilimpenda, maana ndiye msichana pekee aliyewahi kunywa ile chai yangu ya maji akaomba kikombe cha pili. Baba yake hakuwa amekubali wala kukataa. Alisema kwanza amwone kijana akiwa kazini. Kwa hiyo siku albamu ilipozinduliwa Mbale, mchana, ukumbi umejaa, Haji alikaa safu ya mbele na kanzu nyeupe pe. Kofia aliivua kwa joto akaiweka pajani. Nami kando yake natabasamu hadi mashavu yananiuma.

Abdu akaruka jukwaani. "Mbale! Mikono juu!"

Vijana wakainua mikono, wakaipunga. Haji naye akainua. Lakini ya kwake aliinyoosha yote miwili, viganja mbele, macho chini. Vijana wakashusha, yeye hakushusha. Nafuna akamvuta kanzu. "Baba, ni muziki tu." Nilikuwa nimeanza kucheka, halafu nikaona Nafuna hacheki, nikaacha.

Kikaja kiitikio, ukumbi mzima unapiga kelele: "Panda gari! Panda gari!" Haji akasimama, akatoka. Kofia ikabaki sakafuni.

Asubuhi yake Nafuna alinifuata kwa dada yangu Mastula, nilikolala, macho yamevimba. Baba yake alikuwa amesema ndoa haipo. Hatamtoa binti yake kwa watu wa panda gari.

Watu wa panda gari! Ebo! Sisi Wanubi wa Uganda tumeitwa mengi. Babu zetu waliletwa hapa kuwa askari, basi tangu hapo kila askari aliyeiba mbuzi ni ndugu yetu. Ukifungua mdomo kwa Kiswahili, lugha ya jeshi huku kwetu, mtu anatafuta bunduki umeificha wapi. Nikajitanda mtandio, nikabeba kofia ya Haji na diski ya Abdu, nikapanda bodaboda. Dereva akaniuliza kama naenda msibani.

"Bado," nikamjibu.

Haji alikuwa peke yake dukani. Nikaiweka kofia juu ya meza. "Haji, mwanangu amekukosea nini?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonishangaza. "Mama Abdu," akasema, "mimi Kiswahili najua maneno tatu tu. Mikono juu. Toa saa. Panda gari. Unafikiri nani ilinifundisha? Hapana mwalimu."

Halafu akanieleza kwa Luganda, taratibu. Wakati wa vita alikwenda Kampala na mdogo wake Wamboga kununua vitambaa. Askari wakauzingira mtaa asubuhi, wanaume wote mikono juu. Askari mmoja akamgusa Wamboga begani: panda gari. Haji akaachwa, hadi leo hajui kwa nini. Lori likaondoka, na Wamboga hakurudi tena.

"Alinitazama kutoka juu ya lori," Haji akasema, "na mimi mikono iko juu tayari. Nikaogopa kumpungia."

Wallahi, nilikuwa na maneno makali niliyoyapanga njia nzima. Niliyasahau yote. Nilimhurumia mzee yule, nikakaa juu ya robota la vitambaa bila kukaribishwa.

"Haji, ulitoka kabla ya ubeti wa pili," nikasema. "Hiyo redio yako inacheza diski?"

Ilicheza. Sauti ya mwanangu ikajaa dukani:

*Mkeka kichwani, mimi mgongoni,*
*miaka minane jua la ugenini.*
*Dereva kafungua, katazama chini:*
*Panda gari, mama, twende zetu nyumbani.*

Nikamfafanulia kwa Luganda, mstari mmoja mmoja. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, kabla ya vita hivyo, tulikimbia kutoka Kimaka, maana watu waliokuwa wakinunua maandazi kwangu walianza kututafuta kwa mapanga. Abdu nilimzaa kambini, Sudan. Vita vilipotulia huku, malori yakaja kuturudisha, na mimi nikagoma. Nilikuwa nimeshasikia watu wa lori wanakopelekwa. Wenzangu wamepanda, mimi nimeshikilia mti. Dereva akashuka, jasho linamtoka, akachukua mkeka wangu akaupakia mwenyewe. Akasema, "Panda gari, mama."

"Ni lile 'mama' lililonipandisha," nikamwambia Haji. "Kwa muda mrefu baada ya kufika Jinja, mtoto aliniuliza kila akiamka: lini tutapanda gari tena? Ndiyo maneno ya kwanza anayoyakumbuka duniani. Kwake yeye ni maneno ya furaha."

Haji akaomba niurudishe wimbo mwanzo. Nikarudisha. Mteja akaingia, akafukuzwa. Nikarudisha tena.

"Huyo mtoto wa mgongoni ndiye huyu wa miwani?"

"Ndiye huyo huyo."

Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa pindo la kitambaa cha kuuza. "Wimbo ni mzuri," akasema. "Lakini lori lako lilifika nyumbani. Ndugu yangu hayumo humo."

Nikaenda kumwita Abdu. Kijana wangu hubishana hata na saa ya ukutani, lakini nilipomweleza alivua miwani, akanifuata. Alasiri alikuwa amekaa mbele ya Haji, anauliza: Wamboga alipenda nini? Alikuwa akichekaje? Haji akajibu, akajibu zaidi, mpaka akasimama kutuonyesha Wamboga alivyotembea kwa madaha akivaa viatu vipya. Nafuna alikuwa hajawahi kulisikia hata jina la Wamboga likitajwa. Alisikiliza akiwa ameniegemea.

Ubeti wa tatu Abdu aliutunga na kuuimba pale pale dukani, bila ngoma. Ndani yake kuna Wamboga, kuna viatu vipya, na kuna kaka anayesubiri lori lirudi. Haji alisikiliza hadi mwisho.

"Huo usiuruke hata siku moja," akasema. "Na harusi ni baada ya Idi."

Nilipiga vigelegele hadi jirani akaja kuangalia kama kuna moto.

Siku ya harusi mabasi mawili madogo yalisubiri nje kwa Haji, kumchukua bibi harusi kumpeleka Jinja. Mimi, kama kawaida yangu, nagombana na kila mtu. Sufuria la pilau limewekwa vibaya, nani kakalia sanduku, huyu Abdu miwani tena ya nini! Nikakataa kupanda mpaka mambo yanyooke.

Haji akaja, kofia kichwani. Akachukua mkeka mpya niliopewa na wakwe, akaupakia mwenyewe. Akafungua mlango, akanishika mkono.

"Panda gari, mama," akasema. "Peleka mtoto yangu nyumbani."

Nikapanda. Sufuria la pilau nililiacha vile vile, na wanaonijua hawaamini hadi leo.

Gari likaondoka. Nafuna akageuka kumwangalia baba yake, nami nikageuka. Haji alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu, anapunga, anapunga, hadi tukakata kona.