Nati ya Birika la Kanisa

Nati ya birika la kanisa ilipasuka mkononi mwa mzee wa kanisa aliyetaka kuikaza isivuje. Aliikaza kwa bidii ileile anayoombea. Maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake vya ibada, koki ikabaki inaning'inia kama ulimi wa mbwa, na Bi. Enid Holroyd akahisi ufalme wake unamtoka miguuni.

Maana pale Cragley, kwenye bonde lile la Yorkshire ambako hata mawe huota ukungu, mwanamke hapimwi kwa nyumba wala kwa watoto. Hupimwa kwa kushika koki ya chai Jumapili ya Pentekoste, watoto wa kanisa wanaporudi kwenye maandamano na bendera zao zimelowa. Enid aliirithi koki ile kwa mama mkwe wake, na mama mkwe aliiachia kwa sababu moja tu: alikufa.

"Usihangaike, Enid mpenzi," alisema Beryl Crabtree, huku akiinua gauni lisiguse maji. "Mimi nina birika la umeme, jipya. Linachemka lenyewe, linajizima lenyewe. Nitalileta Jumapili. Wewe kaa upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyeniambia, mpenzi. Tunaona tu."

Enid aliifunga koki ndani ya aproni yake akaenda nayo nyumbani, moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha nyuma, alikoishi mumewe. Kusema kweli mumewe alilala ndani ya nyumba, ila kuishi aliishi kibandani. Wilf Holroyd alikuwa mkaguzi mstaafu wa tiketi za mabasi, na sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanaume wenye mashine za kukereza chuma nyuma ya nyumba zao. Kwa miaka mingi chama hicho kilikuwa kinatengeneza treni dogo la mvuke la kubeba watoto. Treni halikuwa bado na magurudumu, lakini lilikuwa na filimbi nzuri sana.

"Nati tu?" alisema Wilf, akaipangusa miwani. "Mke wangu, hiyo ni kazi ya kabla ya chai."

Akatoa kitana chake cha chuma cha kupimia nyuzi, ile mistari inayozunguka skrubu, akakilaza juu ya koki. Akakitazama. Akakigeuza. Akakisogeza kwenye mwanga.

"Nyuzi kumi na saba kwa inchi," alisema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Karibu."

"Karibu vipi?"

"Karibu ya kutosha."

Wala haikutosha. Alikereza nati ya shaba ya manjano, nzuri, inang'aa kama pete ya harusi. Ikaingia mizunguko mitatu kwenye koki, ikakwama. Akaikata tena kumi na saba, ikakwama tena. Siku ya kwanza alilaumu shaba. Siku ya pili alilaumu unyevu wa hewa. Siku ya tatu aliwaita wanachama.

Walijaa kibandani kama makopo rafuni, wakaipitisha ile koki mkono kwa mkono, kila mmoja akiinusa kana kwamba nyuzi zina harufu.

"Aliyeikata alikuwa mlevi," alisema mmoja.

"Mlevi hawezi kukosea sawasawa kila uzi," alijibu mwingine. "Huyu alikosea akiwa na akili timamu."

"Nyamazeni!" alifoka Wilf. "Birika hili alilinunua babu yangu. Babu yangu hakununua kitu kilichokosewa."

Enid aliwapelekea chai, na katika kugawa vikombe akamwona Norman Sykes amekaa pembeni amefumba mdomo kama mtu mwenye jino bovu. Norman ndiye fundi pekee kati yao aliyewahi kumaliza kitu. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, ana jambo.

Kesho yake akamfuata kwake.

"Norman, sema."

"Siwezi, shemeji. Watanifukuza chamani."

"Nami nisipopata nati, nitafukuzwa jikoni kwa Bwana. Sema."

Norman alifunga dirisha. Akafunga na mlango. Akamwambia sikioni, kwa sauti ya mtu anayeungama uzinzi: "Ni milimita."

Serikali ilikuwa imeshabadilisha hela, sasa ilitangaza kubadilisha na vipimo, inchi ziwe milimita, na bonde zima lilikuwa limechukia. Lakini nyumbani kwa Holroyd ilikuwa zaidi ya chuki. Neno lile halikutamkwa mle. Fundi bomba mmoja alilitamka, akaambiwa akamalizie sentensi yake nje, kwenye mvua.

"Una hakika?"

"Milimita moja na nusu kila uzi. Niliona nilipoishika tu. Babu yake Wilf si alikuwa akienda Ufaransa kuuza sufu? Basi birika hilo ni Mfaransa, shemeji. Tangu siku ya kwanza mmekuwa mkinywa chai ya Kifaransa."

"Mungu wangu. Na mchungaji pia?"

"Na mchungaji."

Norman alivuta bati la keki kutoka chini ya kitanda. Ndani, chini ya karatasi ya kuokea, kulikuwa na gurudumu kubwa la meno. Alilinunua kwa siri kwenye safari ya wastaafu ya Ubelgiji, wenzake walipokuwa wanaangalia kanisa kuu.

"Meno mia na ishirini na saba," alisema, akilipapasa. "Ukilifunga kwenye mashine ya inchi, inakata milimita. Lakini mwambie asiachie ule mkono wa mashine unaobana mpaka nati iishe. Akiuachia tu, zile nyuzi zinapotezana, na nati inaharibika. Lazima arudishe mashine nyuma, taratibu, kila mkato."

"Nitamwambiaje, nami sitakiwi kujua?"

"Hapo sasa, shemeji, ndipo ulipoolewa wewe, si mimi."

Enid hakumwambia kitu. Alilipeleka lile bati kibandani, akaliweka juu ya meza ya kazi, akasema, "Norman kakuletea keki." Kisha, Wilf alipokuja kula mchana, akaanza kuzungumzia mambo mengine kabisa.

"Nimemwona Beryl leo. Birika lake zuri kweli. Limeandikwa pembeni, herufi nyekundu."

"Limeandikwa nini?"

"Lita ishirini."

Uma wa Wilf ulisimama njiani kati ya sahani na mdomo, na kiazi juu yake.

"Lita?"

"Ishirini. Kanisa zima tutaacha painti tunywe lita, mume wangu. Watoto wadogo wa Pentekoste. Ila mimi sisemi kitu, Beryl kasema nipumzike."

Wilf alirudisha kiazi kwenye sahani. Alikaa akaitazama picha ya babu yake ukutani, mwenye ndevu kama ufagio, naye babu akamtazama. Halafu akainuka bila kumalizia kula, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya mazishi ya mama yake.

Kutoka jikoni Enid alisikia mlango wa kibanda ukifungwa kwa komeo. Akaona na pazia linavutwa, mchana kweupe. Halafu mashine ikaanza.

Mwanamke aliyeolewa na mashine ya kukereza huijua kwa masikio kama mtoto wake. Wilf alipokata nyuzi za kawaida mashine iliunguruma mbele bila kusita, na kila mkato ulipoisha kulikuwa na mlio mmoja, *tak*, akiuachia ule mkono. Enid aliishi na *tak* ile miaka yote ya ndoa. Ilimlia akipika, akisali, akilala kochini mchana.

Sasa mashine ikaunguruma. Ikafika mwisho. *Tak*.

Likafuata tusi moja la enzi zake za mabasi.

"Mazoea," alisema Enid peke yake, akaendelea kumenya.

Kipande kingine cha shaba kikafungwa. Mashine ikaunguruma mbele, ikasimama. Ikaunguruma nyuma, ikasimama. Mbele, nyuma. Hakuna *tak*. Enid aliweka kisu chini. Wilf Holroyd, mwenyekiti, alikuwa anakata milimita.

Alitoka jioni akiwa mwekundu masikio, nati mfukoni. Enid akaishika koki, yeye akaizungusha nati kwa vidole viwili. Ikaingia mpaka mwisho, laini kama samli.

"Imekubali!" alisema Enid. "Ulifanyaje?"

"Hesabu," alisema Wilf. "Uzi huu si kumi na saba. Ni kumi na sita, na sehemu kumi na nne za kumi na tano. Kwa inchi."

"Ni wa wapi uzi kama huo?"

"Wa hapahapa. Wa babu." Akakohoa. "Na ile keki ya Norman ilikuwa ngumu mno. Mrudishie na bati lake. Mwambie nimeonja tu."

Jumapili ya Pentekoste mvua ilinyesha kama desturi. Watoto walirudi wakitiririka, wakakuta mikate ya nyama imepangwa na birika la babu limekaa mahali pake linapumua mvuke. Kabla ya baraka Wilf alisimama, akaieleza hadhira namna alivyougundua upya uzi uliosahaulika, kumi na sita na sehemu kumi na nne za kumi na tano, ambao chama kimeamua kuuita Uzi wa Holroyd. Alisema huu ndio uthibitisho kwamba inchi inaweza kila kitu, na wageni wabaki na vijiti vyao vya mita. Watu walipiga makofi. Norman Sykes alipiga kuliko wote, machozi yanamtoka, na waliomwona walidhani ni uzalendo.

Mlango ukafunguka, akaingia Beryl Crabtree na birika lake limefunikwa kitambaa cha kudarizi, wajukuu wawili wakilibeba kama jeneza. Alilitazama birika la zamani. Aliitazama koki. Aliinama kabisa akatafuta tone chini yake, hakuliona.

"Oh," alisema. "Limepona."

"Beryl, mpenzi wangu!" Enid alimpokea kwa mikono miwili. "Umefanya la maana kutuletea. Maji ya kuoshea vyombo ndiyo tuliyokuwa hatuna. Liweke kule nyuma, karibu na sinki. Halafu kaa upumzike."

Akageuka, akafungua koki, chai ikatoka. Kikombe cha kwanza alimpa mchungaji, ambaye alikinywa akafumba macho, akasema hakuna chai ya Kiingereza duniani kama ya Cragley.

"Hakuna, mchungaji," alisema Enid, akashika kikombe kingine.