Rejesha Kila Kitu

Kompyuta ya baba iligoma Jumamosi asubuhi. Kila ukiiwasha inaandika "Inatayarisha ukarabati", inazungusha vidoti vyake dakika kumi, inakiri kwamba ukarabati umeshindikana, inajizima, kisha inajiwasha na kuanza ukarabati uleule. Nilipofika ilikuwa imeshazunguka hivyo mara kumi na saba. Baba alikuwa anahesabu kwa vistari kwenye daftari lake.

"Umekaa tu unaitazama?" nikamfokea, hata shikamoo sijatoa.

Akaandika: *Ulitaka niiimbie?*

Huyo ndiye baba yangu. Miaka thelathini alikuwa mnadi wa sokoni, na watu walimwita Kipaza kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Halafu uvimbe ukamwota kooni, na madaktari wakasema zoloto, kile kisanduku cha sauti, lazima litolewe, na sauti itakwenda nalo. Wakampa wiki tatu kabla ya upasuaji. Wiki hizo alizimaliza mbele ya kompyuta hii, anajirekodi: salamu, majina ya wajukuu, utani wa kumchokoza shemeji yake, na "njoo hapa" za aina tano, kuanzia ya upole hadi ya kukutoa jasho. Tangu apasuliwe, akitaka kusema jambo anabonyeza, na sauti yake inatoka kwenye spika. Nakala nyingine haikuwepo popote. Nilikuwa nimeahidi kuzinakili, leo kesho, leo kesho, mwaka wa pili huo.

Nikajaribu yote niyajuayo. Nikachomoa printa na kila waya usiohitajika. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha. Nikajaribu kuiwasha katika hali salama, ikakataa. Nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali, kwa hiyo nikamgombeza baba kwa vumbi lililojaa kwenye feni, utadhani vumbi ndilo lililovunja ahadi.

Mwishowe nikafika kwenye ukurasa wenye vifungo vitatu: Rekebisha, Zima, Rejesha. Hata katika hofu ile nilifurahi kidogo kukiona hicho cha tatu. Kazi yangu ni kutafsiri maneno ya mashine, na hilo "Rejesha" ni langu. Mwenzangu kazini alitaka "Futa yote uanze upya". Nilimcheka mbele ya watu. Nilisema kifungo hakibebi hotuba, na kwamba mashine inarejeshwa ilivyotoka kiwandani, basi "rejesha" inatosha. Nikashinda.

Nikampigia simu fundi wa ofisini kwetu. "Usihangaike, dada," akasema. "Mafaili yapo, kilichoharibika ni pale pa kuwakia tu. Njoo uchukue flashi yangu, utaiwasha kwa hiyo, utanakili kila kitu. Mradi mtu asiiguse."

Nusura nimbusu kwenye simu. Nikamgeukia baba, "Sauti yako ipo! Kilichobaki ni kuirejesha tu." Nikachukua mkoba nikatoka mbio. Lile la kutoigusa nililisahau kwa furaha.

Sikukaa hata saa nzima. Niliporudi, baba alikuwa amesimama mlangoni, uso umemchanua. Akanishika mkono akanivuta hadi mezani. Kioo kilikuwa safi, kimeandika "Karibu. Chagua lugha yako." Daftari lilikuwa wazi kando yake: *Ulikimbilia wapi? Nimemaliza mwenyewe. Imeniuliza, rejesha kila kitu? Nikajibu ndiyo, kila kitu. Sasa nionyeshe pa kubonyeza.*

Nikampigia fundi tena. Akauliza mara mbili kama nina hakika ni kifungo kile.

"Kile kinafuta, halafu kinaandika juu ya palipofutwa," akasema. "Hakuna cha kuokoa hapo. Pole sana, dada."

Baba alikuwa ananisoma uso. Midomo yake ikauliza: iko wapi?

"Haipo, baba. Imefutika yote."

Akakaa. Akalivuta daftari. *Lakini imeandikwa rejesha.*

"Niliyeandika ni mimi. Neno lile ni langu, baba. Mwenzangu alitaka paandikwe futa, nikamcheka. Mimi ndiye niliyekufuta."

Akatikisa kichwa, akajigonga kifuani kwa kidole. Aliyebonyeza ni yeye. Nikasema hapana, ni mimi. Akajigonga tena, kwa nguvu zaidi. Tuligombana hivyo muda mrefu, mimi kwa maneno, yeye kwa kidole, nalia huku nimepandisha sauti, hadi akaghadhibika kweli. Akaupanua mdomo ili anikatize kama alivyokuwa akinikatiza zamani. Mishipa ya shingo ikamtoka, na kilichosikika ni pumzi tu, kutoka kwenye tundu walilomwachia madaktari kooni.

Nikanyamaza nimsikilize.