Raba Nyeupe ya Mjomba

Kwa miezi minane raba moja ya kufutia ya mjomba wangu ilikaa juu ya kipande cha plastiki angavu, ndani ya kabati lenye joto, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Siku nilipojaribu kuiinua, ilikataa. Ilipobanduka iliacha shimo laini lenye umbo lake, mfano wa alama ya mgonjwa kwenye godoro.

Mjomba ni fundi wa kuhifadhi picha za kuchora. Kwa miaka ishirini na sita ameondoa vumbi kwenye rangi zisizopakwa vanishi kwa raba nyeupe za plastiki, akizichonga ncha kwa kisu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi kabla chuo hakijanifundisha kwamba raba hizo hulainishwa kwa mafuta, na kwamba mafuta hayo huhamia polepole kwenye kitu chochote kinachogusana nayo. Kesho yake angeanza kusafisha picha kubwa ya akriliki, rangi ambayo nayo ni plastiki. Sikuweza kunyamaza tena.

"Mjomba, naomba uone kitu."

"Macho yangu yako mapumzikoni, mpwa wangu. Leta, lakini yasijue."

Alilipapasa shimo kwa kidole. "Nani kaunguza?"

"Hajaunguza mtu. Ni raba yako."

"Raba yangu! Hii hii iliyokufutia madaftari ya darasa la tatu? Basi hicho chuo kimekutia woga mpaka wa raba."

"Naogopa chembe zake zinazobaki kwenye picha."

"Hazibaki. Napiga brashi mpaka mkono unaniuma."

"Basi tuangalie."

Kulikuwa na picha ndogo ya mlima, aliyoisafisha miaka kumi na moja iliyopita, iliyorudishwa kubadilishwa fremu. Niliiweka chini ya hadubini nikampisha kiti. Katika mifereji iliyoachwa na brashi ya mchoraji kulikuwa na chembe nyeupe, na kuzunguka kila chembe rangi ilikuwa imelainika, ikameremeta na kunasa vumbi jipya. Mjomba aliinama hapo muda mrefu. Nilisikia akipumua kwa pua.

"Wakati ule hakuna aliyejua, mjomba," nilisema.

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Nilianza kushuku miezi minane iliyopita. Nilitaka nipate uhakika kwanza."

Aliinua kichwa. "Tangu hapo nimesafisha ngapi?"

Ningeweza kujifanya nahesabu. "Nne."

"Nne. Na wewe ulikuwa unanishikia taa." Hakupandisha sauti. "Ungeniambia tu kwamba una shaka, ningeiweka chini siku ile ile. Ningekucheka kwanza, kisha ningeiweka chini."

Alizikusanya raba zake na vipande vyote, akavitia ndani ya chupa ya kioo, akaifunga. Akaniletea karatasi.

"Picha kubwa itangoja. Waandikie wenye zile nne, uwaeleze ulichokuwa ukishuku. Hawa wengine wa miaka yote hiyo ni wangu, nitawaandikia mwenyewe."

Akageuza kiti kuelekea meza yake, na baada ya kitambo nikasikia kalamu yake ikikwaruza. Mimi nilianza barua mara tatu, na kila mara sentensi ya kwanza ilimtaja yeye. Niliikunja karatasi ya tatu, nikachukua nyingine, nikaandika: Nilishuku tangu mwanzo wa mwaka, nikanyamaza.