Shikamoo Isiyosikika

Mwanangu Tekla alikuwa ameikataa chupa wiki nzima, ingawa ndani yalikuwa maziwa yangu mwenyewe, niliyokamua.

"Leo asipokunywa, hiyo shule yako ya jioni basi," alisema mama mkwe wangu, Marieta. "Mimi sikai na mtoto analia hivi, eti mama yake anatafuta cheti."

Nilienda darasani macho yakijifumba kwa usingizi. Hesabu sikuelewa hata moja. Niliporudi nyumbani Maretadu, blauzi ilikuwa imelowa maziwa na ndani kulikuwa kimya. Nikasukuma mlango taratibu. Mama mkwe alikuwa amempakata Tekla, mtoto anatazama kuku wakiingia kulala, chupa iko mdomoni. Alikuwa ananyonya!

Nikafungua mdomo nimwamkie, maana kwa mama huyu kuingia bila shikamoo ni kosa la kusemwa mwezi mzima. Lakini Tekla akisikia sauti yangu ataitema chupa. Nikainamisha kichwa tu.

Mama akaniangalia weee.

"Marahaba," akanong'ona. "Na kesho uwahi darasa. Sasa toka, asikuone."

Nikatoka, nikaketi juu ya kuni, usingizi ukanichukua hapo hapo.